Mabanzi Nyuma ya Zege

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na naikumbuka kwa sababu ya sahani ya ugali na maharage iliyonishinda. Mimi mtu wa Rungwe, niliyelelewa kwa ndizi na maziwa, sikuwahi kushindwa chakula kabla ya siku hiyo wala baada yake. Mke wangu Tusajigwe atakuambia hivyo hivyo, tena bila kuulizwa.

Hapa Mbalizi watu wananijua kama Mzee Anyosisye anayefuga kuku na kugombana na malori yanayopiga honi mbele ya geti lake. Wachache wanajua kwamba ujana wangu niliumalizia ndani ya mlima. Nilikuwa fundi wa handaki kule Mufindi, mbele ya Igowole, mahali ambapo ukungu unakukuta kitandani na kukusindikiza kazini. Palikuwa na mlima uliopaswa kutobolewa ili maji ya mto yapite chini yake, yakazungushe mitambo ya umeme upande wa pili. Nimesikia umepata kazi ya ujenzi, ndiyo maana nimekuita ukae. Chai ipo kwenye chupa. Hiyo simu iweke mfukoni kwanza, haitakimbia.

Watu wengi hudhani handaki ni shimo tu, ukishachimba umemaliza. Kuchimba ndiyo sehemu rahisi. Mlima ukiutoboa hautulii, unataka kuliziba lile tundu ulilolifungua, na unashuka polepole kiasi ambacho jicho halioni. Kwa hiyo kila tukisogea hatua chache tulisimamisha chuma kilichopindwa kufuata umbo la handaki, kisha tukamwaga zege kukizunguka. Chuma kimoja na zege lake tuliita tao, na kila tao lilikuwa na namba iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.

Sasa jambo kubwa katika kazi ile, na hili ulishike, ni kwamba zege lazima ligusane na mwamba kila mahali, juu na pembeni. Umewahi kumwona mama anayebeba ndoo ya maji kichwani bila ngata? Ndoo inakaa kwenye ncha moja ya fuvu, shingo inauma, na maji yanamwagika mgongoni. Akiweka ngata, uzito ule ule unasambaa, naye anatembea huku anapiga soga. Zege likigusana na mwamba, uzito wa mlima unasambaa hivyo hivyo. Pakiwa na nafasi tupu nyuma yake, mlima unakandamiza upande mmoja, na pale penye nafasi hakuna kinachosukuma kurudisha. Zege linajipinda kuelekea kwenye utupu mpaka linapasuka. Nimeeleza kifundi cha zamani, nyinyi mtakuwa na hesabu zenu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, kiongozi wa gengi la watu watano, na nilijiona. Usinicheke. Nilikuwa na mabega, nilikuwa na redio, na nilikuwa na mchumba Rungwe ambaye matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yameshasomwa kanisani mara zote tatu. Harusi ilikuwa Jumapili. Msimamizi wa kazi aliniambia wazi: funga tao la kumi na nane kabla ya Ijumaa jioni, ndipo uende ukaoe. Usipolifunga, utaoa wiki nyingine.

Na tao la kumi na nane lilikuwa na kiburi. Mwamba ulikuwa umemeguka juu yake ukaacha pango dogo, mtu mzima angeweza kuchuchumaa ndani. Kulijaza zege pango lile, kwa sepetu, kwa mkono, juu ya ngazi, ilikuwa kazi ya siku mbili kamili. Mimi nilikuwa na mchana mmoja.

Sikiliza kosa lenyewe, maana ni kosa la mtu wa huku kwetu. Nyumbani tumejenga kwa miti na udongo tangu mababu. Ukuta ukiwa na pengo, unasokomeza mabua, unasokomeza mawe, unasokomeza chochote kilicho karibu, kisha unakandika udongo juu na nyumba inakaa miaka thelathini. Mufindi nayo imejaa viwanda vya mbao, na kila kiwanda kina mlima wa mabanzi, yale mapande ya pembeni ya gogo yenye gamba upande mmoja. Watu wa kule wanajenga mabanda kwa mabanzi, wanazungushia uzio, wanapikia. Nje ya handaki letu palikuwa na rundo lake la kuwashia moto wa jikoni. Nililitazama rundo, nikatazama pango, nikaona nimepata akili.

Tulisokomeza mabanzi mpaka pango likajaa. Penye matundu tuliweka mifuko mitupu ya saruji tuliyoikunja. Kisha tukaweka mbao za kushikilia zege na kumwaga zege jembamba chini yake, la unene wa kiganja tu. Mmoja wetu aliuliza kama ni sawa. Nikamwambia, "Likishakauka nani ataona?" Wote walikuwa wamealikwa harusini, kwa hiyo swali halikuendelea.

Jioni ile nilipanda gari la kwenda Mafinga nikiwa naimba. Nilioa vizuri sana, mwanangu, siwezi kukudanganya. Ndizi zilipikwa kwa masufuria makubwa kuliko pipa, mvua ilinyesha kama kawaida ya kwetu, na Tusajigwe alicheka siku nzima. Msimamizi wangu wa harusi alikuwa Chesko, kijana wa Igowole wa gengi la kumwaga sakafu, rafiki yangu tangu siku ya kwanza mlimani. Alicheza mpaka kiatu kikaachia soli. Yeye alirudi kazini mapema, mimi nikabaki wiki mbili nikila vya wakwe. Katika wiki hizo sikuliwaza lile tao hata mara moja. Nalisema hili kwa aibu, ila ni kweli.

Niliporudi, nilimkuta Mzee Luvanda ananingoja kwenye mlango wa handaki.

Huyu mzee nikueleze. Alikuwa Mhehe wa huko huko Mufindi, mfupi, anavaa koti zito jua likiwaka na mvua ikinyesha, na kazi yake ilikuwa kukagua matao. Alikuwa na mambo mawili ambayo vijana tuliyachekea pembeni. La kwanza aliita kupiga hodi. Kila asubuhi alipita na nyundo akigonga zege, hatua tatu, anagonga, hatua tatu, anagonga, kisha anasikiliza kichwa kimeinama kama mtu aliyefika kwa jirani. La pili lilikuwa sharti. Fundi aliyefunga tao alikula mlo wa kwanza chini yake, yeye na Mzee Luvanda, kabla gengi lingine lolote halijaruhusiwa kufanya kazi pale. Alisema ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia. Mimi nilikuwa nimekula chini ya matao kumi na saba, na ninavyokumbuka, nilichowaza siku zote ni kwa nini nyama ni chache.

"Kamwene, Anyo," alisema. "Umerudi mume wa mtu."

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Chukua ndoo ya maji ya kunawa. Leo tunakula kwenye kumi na nane."

Pale mlangoni alikuwapo Chesko na wenzake wanane, na masepetu yao, wakingoja kuingia kumwaga sakafu. Chesko alinikumbatia akaniuliza shemeji hajambo. Nilimjibu nikasahau nimejibu nini.

Tuliingia. Mzee alipiga hodi njia nzima, na zege lilimjibu sauti kavu, nzito, ya kitu kilichoshiba. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Alipogonga kumi na nane, sauti ilitoka kama ya debe tupu. Alishusha nyundo. Alitandika gunia chini, akaweka sahani mbili, akanyunyiza maji mikononi mwangu na mwake. Nikaona juu ya vichwa vyetu ufa mwembamba kama unywele, na kipande cha kioo kimegandishwa kwa saruji kukatisha ule ufa. Fundi anajua maana yake. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinavunjika. Kilikuwa bado kizima.

"Harusi ilikuwaje?"

"Nzuri, mzee."

"Mke wako anaitwa nani?"

"Tusajigwe."

"Na kwa Kiswahili ni nini?"

"Tumebarikiwa."

"Kweli mmebarikiwa. Kula, baba, ugali unapoa."

Nilimega tonge, nikalifinyanga, nikalichovya. Mkono ukagoma kupanda. Macho yangu yalikuwa yanaenda juu yenyewe, nami nayarudisha, nayo yanaenda tena. Tone la maji lilidondoka kutoka kwenye ufa likaangukia kwenye maharage yangu. Mzee alikuwa anatafuna taratibu, hana haraka, kama aliyekaa jikoni kwake.

"Kwenye kumi na saba hukuangalia juu," alisema.

Nililirudisha tonge kwenye sahani.

"Chesko na wenzake wako mlangoni. Mimi nikimaliza hii sahani, nitawaita waingie. Watakaa hapa chini wiki nzima, wameinama, hakuna atakayeangalia juu kwa sababu wanajua ni wewe uliyefunga." Alimega tonge la mwisho, akalishika hewani. "Nimalize, Anyo?"

Mwanangu, niliona mambo mengi kwa mara moja. Niliona cheo changu kimekwenda. Niliona natembea Rungwe watu wananong'ona juu yangu, kijana aliyefukuzwa kazi wiki mbili baada ya harusi. Niliona pia kile kiatu cha Chesko kilichoachia soli kwenye uwanja wa baba mkwe, naye akiendelea kucheza. Nilitaka sana kusema malizia, mzee, hakuna tatizo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Usimalize, mzee," nilisema.

Alilirudisha tonge kwenye sahani. "Haya. Beba sahani yako. Tunatembea, hatukimbii."

Tulitoka hatua kwa hatua, na mgongo wangu ulikuwa baridi mpaka tulipofika kwenye mwanga. Pale nje, mbele ya Chesko na wale wenzake, aliniambia nieleze. Nikaeleza yote, mabanzi, mifuko, unene wa zege, na sababu. Hakupaza sauti. Heri angepiga kelele.

"Nyumba yenu ya udongo ina kazi ya kuzuia upepo," alisema. "Hii imebeba mlima. Banzi litaoza, wewe mwenyewe unajua. Likioza, pale juu patabaki uwazi. Jiwe likichomoka litaanguka na kupiga lile zege lako la kiganja, nalo litapasukia vichwani mwa watu. Wewe uliona aibu kuchelewa harusi yako. Hukuona aibu mke wa mwenzako kuwa mjane."

Hayo maneno ya mwisho nimeyabeba mpaka leo, hayajapungua uzito. Chesko alinitazama, akaegemeza sepetu ukutani, akaenda kukaa mbali. Hakusema na mimi siku hiyo wala siku iliyofuata. Asubuhi yake Mzee Luvanda alikwenda kutazama peke yake, akarudi na kiganja kimefumba, akakifungua mbele yangu. Kioo kilikuwa vipande viwili.

Tulichofanya baadaye ndicho nilichopaswa kufanya mwanzo, ila kwa hofu mara kumi. Tulisimamisha magogo chini ya tao kulishikilia. Kisha tukavunja zege kipande kwa kipande, na wa kwanza kwenye ngazi nilikuwa mimi. Niliomba mwenyewe, ingawa nadhani hata nisingeomba ningepewa nafasi hiyo. Mabanzi yalitoka yamevimba kwa maji, mengine yameshaota uyoga mweupe, kwa muda mfupi hivyo. Na nyuma yake, mwanangu, kulikuwa na jiwe la ukubwa wa meza ya kulia chakula. Lilikuwa limeshachomoka kwenye mwamba, limeegemea mabanzi mawili tu.

Kumbe Chesko alikuwa amepanda nyuma yangu. Alilitazama lile jiwe kwa muda mrefu. Akachomoa banzi moja lililokuwa huru pembeni, akalifuta tope, akanikabidhi.

"Mpelekee shemeji," alisema. "Mwambie ndilo lililokuoza."

Nilicheka na machozi yakanitoka hapo hapo juu ya ngazi. Ndivyo alivyonisamehe. Hatujawahi kulizungumza vinginevyo.

Tuliliondoa jiwe kwa mitaimbo, tukalijaza lile pango zege zima, tukaacha mabomba madogo, na zege lilipokauka tukasukumia uji wa saruji kwa pampu mpaka ukarudi kwenye bomba la mwisho. Huo ukirudi, unajua kwamba hakuna tena palipobaki patupu. Ilituchukua siku tisa. Uongozi wa gengi nilinyang'anywa mpaka mwisho wa mwaka, nami sikulalamika. Siku ya kumi Mzee Luvanda alitandika gunia lake, tukala. Nilimaliza sahani yangu na nusu ya yake.

Tusajigwe nilimweleza mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Aliendelea kumenya ndizi kwa muda, kisha akasema, "Ningengoja. Matangazo ya ndoa hayaozi." Hadi leo akitaka kunishinda kwenye ubishi wowote, hata wa chumvi, anauliza tu kama pamesokomezwa banzi.

Kiangazi kilichopita maji ya handaki lile yalifungwa ili likaguliwe. Injinia wao ni binti mdogo, umri wako wewe, na kwa heshima aliyolelewa nayo alitafuta mafundi wa zamani waliobaki akatualika. Mzee Luvanda ametangulia siku nyingi, Mungu amlaze pema. Tulikwenda mimi na Chesko, yeye na fimbo yake, mimi na magoti yangu. Binti alikuwa na chombo chenye kioo anachokipitisha ukutani, nacho kinamwonyesha kilicho nyuma ya zege. Sikukielewa, lakini nilifurahi kuona mkono wake wa pili umeshika nyundo.

Tulipofika penye ile namba nyekundu, iliyofifia lakini inasomeka, alipitisha chombo chake mara mbili. Akasema, "Wazee wangu, hapa zege na mwamba vimeshikana kuliko matao mengine yote. Mlifanyaje hapa?"

Chesko alikohoa kwa makusudi. Mimi nikafungua hotipoti aliyonifungia Tusajigwe. Tuliketi pale chini, wazee wawili na binti mmoja, tukala ugali na maharage. Binti alitaka kujua kwa nini Chesko ananitazama hivyo kila ninapopeleka tonge mdomoni. Nilimsimulia yote, kama ninavyokusimulia wewe, na aliposikia habari ya jiwe aliacha kutafuna kidogo.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, wala si ndefu. Kazi yako itakuwa na sehemu mbili, ile watu watakayoiona na ile utakayoifunika kwa mkono wako mwenyewe. Ile ya kuonekana itajitetea, wapo watakaoikagua. Hii ya kufunika haina mtetezi mwingine ila wewe, na watu watapita chini yake bila kuangalia juu, kwa sababu wanakuamini. Usiijaze kwa haraka yako. Kama una shughuli, sema una shughuli, waache wakunyime ruhusa, waache wakwe wangoje. Wanaokupenda watangoja, mimi nilioa mmoja wao.

Na kama umeshakosea, maana utakosea, wewe ni mtu, basi usisubiri kioo kivunjike. Fungua mdomo watu wakiwa bado mlangoni. Utapoteza cheo, utapoteza usingizi wa siku chache, na rafiki yako atakaa mbali na wewe kwa muda. Ila atakuwa hai wa kukaa mbali, na siku moja atapanda ngazi nyuma yako. Mimi Chesko ananidai mpaka leo kuku wa kila Krismasi, na nampa kwa furaha.

Sogea hapa nikuwekee mkono kichwani. Mungu akulinde huko kazini unakokwenda, akupe mzee mkali wa kukupigia hodi, akupe rafiki wa kukusamehe. Akujalie ujenge, na ukimaliza kujenga, uketi chini ya kazi yako na watu wako wote, mle mshibe, na asiwepo wa kuangalia juu.